Jua lililodondoka kwenye herufi

Ilikuwa slaidi ya kumi na kitu, saa tisa mchana, ule muda ambao hata profesa mwenyewe anameza miayo, na mimi nilishachungulia simu mara tatu. Ikatokea picha ya kipande cha hariri. Rangi yake kama chai ya rangi iliyolala, kingo zimeliwaliwa, mistari myembamba myekundu imeshuka toka juu hadi chini kama daftari letu la hesabu la zamani, na katikati ya mistari herufi nyeusi zimepangwa kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Profesa akaweka kitone chekundu cha leza juu ya herufi moja, akakizungusha, akasema taratibu kabisa, "Hapa hakuna jua."

Wengine walikuwa wamesinzia. Mimi nikakaa wima.

Ile herufi ninayo ukutani kwangu, na ya kwangu ina jua.

## Karatasi

Nilianza kujifunza Kichina nikiwa na miaka 31, nimeshafanya kazi, nimeshaoa, nimeshakopa. Nilipokuja kuanza masomo ya maandishi ya kale ya China nilikuwa na 36, nimezungukwa na vijana wa miaka 23 ambao wamekariri mashairi ya enzi ya Tang tangu chekechea, wananiita "anko" kwa heshima zote, na mimi bado nafungua kamusi kila mstari. Mwaka wa kwanza nikafeli somo la nyaraka za kale, na sio kufeli kwa alama mbili tatu. Yaani kufeli kwa kutosha.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anatufundisha kuandika kwa brashi, amestaafu zamani lakini anakuja tu kwa mapenzi yake. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, hakuuliza kitu. Kesho yake akaniletea karatasi yenye herufi nne, wino bado unanukia: 大器晚成. Dà qì wǎn chéng.

Chombo kikubwa huchelewa kukamilika.

Nikaibandika ukutani, nikapiga picha, nikamtumia mama WhatsApp. Akauliza maana yake nini, nikamwambia. Akasema, "Si ndo kawia ufike hiyo, mwanangu?" Akaitupa kwenye grupu la ukoo. Binamu yangu mmoja, wale wasiokosa neno, akajibu: chombo kimechelewa mpaka bandari imefungwa. Stika za kucheka siku nzima.

Ukiishi China hata miezi michache utaisikia hii kauli. Anaambiwa mzazi ambaye mwanawe hafanyi vizuri shule, anaambiwa muigizaji aliyepata jina akiwa na miaka 50. Na sio ya juzi. Kwenye historia ya Falme Tatu kuna jamaa anaitwa Cui Lin, ujanani hakuwa na jina lolote, hata ndugu walikuwa wanamdharau, ila binamu yake Cui Yan alikuwa anasema huyu ndo kile chombo kikubwa kinachochelewa, mwisho wa siku atafika mbali. Na akafika kweli, akaishia kuwa mmoja wa vigogo watatu wa juu kabisa wa dola ya Wei. (Kwa hiyo wapo binamu wazuri duniani.)

Kauli yenyewe inatoka kwa Laozi, yule mwanafalsafa wa kale wa China, sura ya 41 ya kitabu chake, na miaka yote mimi nimeishika kama mtu anavyoshika kamba.

## Herufi

Nisipowaonyesha herufi yenyewe hamtanielewa, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Herufi ya "kuchelewa" ni 晚. Kushoto kuna kijisanduku 日, hilo ni jua. Kulia kuna 免, ambayo hapo inabeba sauti zaidi, inakwambia tamka hivi. Jua pamoja na sauti hiyo, unapata jioni, usiku, kuchelewa. Ukilitoa jua inabaki 免 peke yake, nayo ina maana yake kamili: kuepuka, kusamehewa kitu, kutolewa kwenye wajibu. Ukisikia mtu amesamehewa kodi, herufi yenyewe ni hiyo.

Kwenye ile hariri imeandikwa 大器免成.

Chombo kikubwa kimesamehewa kukamilika. Hakina kukamilika. Hakiishi.

Basi nikatoka darasani kichwa kimejaa, nikasahau mwavuli, na mvua ya Wuhan haina huruma.

## Kaburi namba 3

Mahali penyewe panaitwa Mawangdui, nje kidogo ya Changsha, mkoa wa Hunan. Mwaka 1972 walifungua kaburi la mama mmoja wa ukoo wa kabaila, Xin Zhui, mke wa waziri mkuu wa ufalme mdogo wa Changsha, wakakuta mwili wake bado mlaini baada ya miaka zaidi ya 2,100, na tumboni mbegu zaidi ya 100 za tikiti. Watalii wote wanakwenda kumuona yeye. Nilikwenda na mimi, kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu tu toka Wuhan, na nakiri nilisimama pale juu ya kioo kumchungulia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mama wa watu amekula tikiti, akafa, sasa kila mtu duniani anajua.

Lakini wasomi wa maandishi wao roho yao iko kaburi la jirani, namba 3, linalodhaniwa ni la mwanawe, aliyezikwa mwaka 168 KK. Mwishoni mwa 1973 lilitolewa humo sanduku la laka lenye vitabu vya hariri vilivyokuwa vimelowa maji kwa karne zote hizo. Kati yake kulikuwa na nakala mbili za Laozi, wakaziita A na B. Nakala B ilikunjwa, na kila ilipokunjwa hariri imekatika, kwa hiyo umebaki na vipande kama vya kitenge kilichotoboka kwenye mikunjo. Mnakili wake alikuwa mtu wa mpangilio, mwisho wa kila sehemu kaandika hesabu ya herufi: 3,041 sehemu ya De (fadhila), 2,426 sehemu ya Dao (njia), ndizo nusu mbili za kitabu. Ndiyo, De inatangulia, kinyume cha vitabu tulivyozoea.

Halafu ule mstari wa kwanza wa kitabu ambao hata asiyejua Kichina ameshakutana nao kwenye picha za machweo, kwamba njia inayosemeka siyo njia ya kudumu. Neno la "kudumu" kwenye hariri ni heng, kwenye vitabu vyetu ni chang. Sababu? Mfalme Wen wa dola ya Han, aliyetawala toka 180 hadi 157 KK, jina lake lilikuwa Liu Heng. Jina la mfalme haliandikwi hovyo. Wanakili wakabadilisha neno, kama bibi zetu wengi wasivyothubutu kutamka jina la baba mkwe hata likiwa ni jina la kitu cha jikoni, watazunguka mpaka wapate neno lingine. Mfalme akafa, dola ikaanguka, miiko ikaisha, neno la kukwepa likabaki.

Sasa kama mstari wa kwanza kabisa umeguswa kwa ajili ya jina la mtu, wa sura ya 41 una kinga gani?

Nakala A pale imeharibika. Kwa hiyo kwenye hariri yote tuna shahidi mmoja tu.

## Wiki ya kujidai

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa hariri, tena mtu wa hariri mwenye kelele. Nilimwambia kila mtu kwenye bweni. Nilikuwa na hoja, na hoja yenyewe ni nzuri, sikilizeni mistari ilivyokaa:

Mraba mkubwa hauna pembe.
Chombo kikubwa … kukamilika.
Sauti kubwa ni adimu kusikika.
Umbo kubwa halina sura.

Kila mstari kitu kinanyang'anywa kile kinachokifanya kiwe hicho. Mraba bila pembe, umbo bila sura, sauti ambayo sikio haliipati. Hapo katikati unaweka chombo ambacho kimechelewa tu, lakini kitafika? Yaani mistari mitatu inakutoa kabisa duniani halafu mmoja unakupa ratiba. Haukai.

Na kuna msomi, Chen Zhu, aliyefariki mwaka 1944, karibu miaka 30 kabla kaburi halijafunguliwa, alishasema kwamba hiyo 晚 isomwe kama 免, bila kukamilika. Aliusikia mstari unachechemea, basi. Hakuona hariri, hakuwa hata na ndoto ya hariri. Nikisoma habari kama hii nasisimka zaidi ya habari za mpira.

Nikaandika kurasa sita za tasnifu kwa usiku mmoja. Supavaiza wangu akazirudisha na mstari mmoja wa penseli: "Umesoma Han Fei?"

## Ndege wa miaka mitatu

Nilikuwa sijasoma Han Fei. Yaani nilisoma, lakini ile ya kusoma kwa ajili ya mtihani.

Han Fei, mwanafalsafa mwingine wa kale, alikufa mwaka 233 KK, zaidi ya miaka 60 kabla ya lile kaburi kufungwa. Kwenye kitabu chake kuna sura inayomfafanua Laozi kwa visa. Kimoja ni cha mfalme Zhuang wa dola ya Chu, ambaye alikaa miaka mitatu kwenye kiti bila kutoa amri hata moja. Ofisa wake mmoja akamtega kwa kitendawili: kuna ndege ametua kwenye kilima cha kusini, miaka mitatu hapigi bawa, haruki, halii, ndege gani huyo? Mfalme akajibu kwamba hapigi bawa kwa sababu anaotesha manyoya, haruki wala halii kwa sababu anaangalia watu wanavyoishi, ila siku akiruka atatoboa mbingu na siku akilia watu watashtuka. Nusu mwaka baadaye akashika utawala mwenyewe, akafuta mambo kumi, akaanzisha tisa, akawaua vigogo watano, akawapandisha watu sita waliokuwa hawajulikani. Na Han Fei anafunga kisa kwa kusema, ndiyo maana imesemwa: dà qì wǎn chéng.

Kuchelewa. Jua lipo.

Unaweza kujitetea, na mimi nilijitetea siku mbili nzima. Kitabu cha Han Fei nacho kimefika kwetu kwa kunakiliwa na kunakiliwa, mtu yeyote angeweza kuitia hiyo herufi jua lake baadaye. Sawa. Lakini kisa chenyewe huwezi kukinakili vibaya. Kisa kizima ni cha kuchelewa. Aliyekiandika alikuwa anausikia ule mstari kama mama yangu anavyousikia.

Kwa hiyo usomaji wa karatasi yangu haukuzuliwa na watu wa juzi wanaotafuta maneno ya kutia moyo.

## Mianzi inazidisha vurugu

Nikasema basi niende kwa nakala kongwe zaidi, itamaliza ubishi. Hivyo ndivyo anavyofikiri mtu ambaye hajakaa sana kwenye hii kazi.

Mwaka 1993, kijiji cha Guodian karibu na Jingmen, mkoa wa Hubei, kaburi ambalo wezi walikuwa wameshalitoboa, wakachimba wataalamu wakakuta vipande vya mianzi zaidi ya 700 vyenye maandishi. Kati yake 71 ni vya Laozi, mafungu matatu, kama theluthi mbili ya kitabu haimo. Kaburi ni la karibu mwaka 300 KK. Hicho kitu kiliwatikisa watu wazima. Qian Mu, mmoja wa wanahistoria wakubwa wa karne iliyopita, alishikilia maisha yake yote kwamba kitabu cha Laozi ni cha kuchelewa, kimekuja baada ya Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa njia hiyo hiyo ya Dao. Alifariki mwaka 1990. Miaka mitatu tu kabla mianzi haijatoka kumpinga. Sijui kama nimuonee huruma au nimuonee wivu.

Sura ya 41 kwenye mianzi ipo. Nikafungua picha, nikasogeza kiti. Imeandikwa 曼. Màn.

Sio 晚 wala 免. Màn, kitu kirefu, kilichonyooshwa, kisicho na mwisho wa karibu. Halafu kuna mianzi mingine ya enzi ya Han iliyoingia Chuo Kikuu cha Peking mwaka 2009, hiyo nayo ina 勉, yaani 免 ile ile imeongezewa nguvu pembeni, maana yake kujitahidi. Mashahidi wanne, majibu manne, na wote zamani walikuwa wanatamkwa karibu sawa.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yetu, na watu wa nje huwa hawaamini. Mnakili wa kale alikuwa anaandika sauti. Ukisikia neno unaandika herufi yenye sauti hiyo, msomaji atajaza mwenyewe. Ni kama nikikutumia meseji "nkj kesho", hutajiuliza "nkj" ni neno gani. Wazee wetu waliosoma barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila irabu walikuwa wanafanya hivyo hivyo, kama hujui habari yenyewe barua haikusaidii. Kwa hiyo 免 kwenye hariri inaweza kuwa "kuchelewa" iliyoandikwa kifupi. Au "kuchelewa" kwenye vitabu vyetu inaweza kuwa 免 ambayo mtu aliongezea jua akidhani anasaidia. Na ukongwe haukupi haki, nakala ya zamani inaweza kuwa na kosa la zamani.

Kijana Wang Bi, ambaye ufafanuzi wake ndio uliokipitisha kitabu hiki karne kwa karne, aliyefariki mwaka 249 akiwa na miaka 23 tu (23! na mimi hapa), anaufafanua mstari kwa kuchelewa, bila wasiwasi wowote.

## Chombo cha mjomba

Wiki ya tatu nikaacha kubishana na Wachina nikaanza kubishana na Kiswahili, maana nilitakiwa kuweka tafsiri kwenye kiambatisho.

"Chombo" lilinipa raha kwanza. Kichina wanasema qì, chombo cha shaba cha matambiko, sufuria, kifaa, na pia mtu mwenye uwezo fulani. Kongzi, yaani Confucius, anasema muungwana siyo qì, yaani usiwe mtu wa kazi moja kama bakuli. Kiswahili chetu chombo ni sahani, ni kifaa, na kwa sisi watu wa pwani ni jahazi. Nimekulia Pangani, mjomba alikuwa fundi wa mashua. Nakumbuka harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, na mjomba amechuchumaa anashindilia pamba ya kalafati kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu, tok tok tok, mashua ambayo tulishaishua mwaka juzi yake. Nikamuuliza, mjomba si iliisha hii? Akacheka. "Chombo kikiisha ujue kimeshakuwa kuni."

Mjomba hakumsoma Laozi. Lakini usiku ule nikiikumbuka hiyo kauli nilihisi nimepewa ufunguo. Kiswahili tuna kitu ambacho Kiingereza kinatuonea wivu: ile -ja-. Chombo kikubwa *hakijakamilika*. Kimechelewa, sawa, na hakijaisha, sawa, na huwezi kujua kama kitaisha. Bado. Neno moja linawabeba wote wawili, wa jua na wasio na jua. Nilijiona fundi.

Nikamweleza supavaiza, nikamwandikia ubaoni jinsi -ja- inavyofanya kazi. Alifurahi kweli, akauliza maswali mengi, akanifanya nimnyambulishie vitenzi vitatu. Halafu akachukua chaki akaandika herufi moja: 未.

Wèi. Bado. Haija-.

"Laozi alikuwa nayo," akasema. "Anaitumia sehemu nyingine. Hapa hakuitumia."

## Nilichokuwa natafuta

Nimekaa na hilo wiki mbili sasa.

Kilichoniuma siyo kukosea, kukosea nimezoea. Kilichoniuma ni kuona kwamba mara zote tatu nilijua jibu ninalolitaka kabla sijafungua kitabu. Nilipokumbatia hariri nilikuwa natamba, mgeni anayewafundisha wenyeji methali yao. Niliporudi kwa Han Fei, kusema kweli, nilipumua, kwa sababu mtu wa miaka 39 asiye na digrii mkononi anahitaji sana kuchelewa kuwe ni dalili ya ukubwa. Na ile -ja- ilikuwa ni hila ya kukwepa kuchagua, nikaipamba kwa jina la tafsiri. Mstari ule ule, nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa najisoma mimi.

Nikiwekwa kwenye kiti leo nitasema naegemea bila jua. Kidogo. Kwa sababu ya pembe na sura, ule mwendo wa mistari bado siwezi kuuondoa masikioni. Lakini 免 kwa maana ya "pasipo" ni sarufi ngumu, waliopinga hawakukurupuka, na yule ndege wa kilimani bado amekaa pale ananitazama. Kwenye tasnifu nimeandika tafsiri mbili, moja juu ya nyingine, na aya moja fupi ya kueleza kwa nini. Kurasa sita zimekuwa aya moja. Supavaiza hajairudisha bado.

Jumapili mama alipiga. "Ile kazi ya shule imeisha?"

"Bado, mama."

"Haya. Umekula?"

Yule mzee wa brashi sijamwambia chochote. Juzi nilikutana naye pale chini anafanya mazoezi yake ya asubuhi, akaniuliza kama karatasi bado ipo, nikamwambia ipo. Ipo kweli. Ila nimebandika kikaratasi cha njano juu ya kile kijisanduku cha jua, na feni ikiwaka kinanyanyuka upande mmoja, kinarudi, kinanyanyuka tena.